Kubadilisha Magazini ya Bastola: Namna ya Kuchagua Mbinu kwa Askari, Mlinzi na Mmiliki Mwenye Leseni

Mwongozo huu unawalenga askari polisi, walinzi wanaosindikiza fedha kutoka masoko ya samaki hadi benki, na wafanyabiashara wa Mwanza na visiwani wanaomiliki bastola kwa leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Unahusu jambo moja tu, nalo ni namna ya kuchagua mbinu ya kubadilisha magazini (kasha la risasi linaloingia kwenye mpini wa bastola), au ya kujaza silinda kwa wenye rivolva (bastola yenye silinda inayozunguka), pale risasi zinapokwisha au zinapokaribia kwisha katikati ya hatari. Hauchukui nafasi ya mkufunzi aliye kando yako uwanjani. Mtu ambaye bado hajui kuhakikisha kwamba bastola yake haina risasi asianze hapa, aanze kwa mkufunzi.

Msimamo wangu niuweke wazi mapema. Mtu asiyelipwa kufanya mazoezi kila siku anahitaji mbinu mbili: moja ya dharura, ambayo ataweza kuifanya hata mikono ikitetemeka, na moja ya utulivu, ambayo ataifanya akiwa nyuma ya kinga imara. Mbinu nyingine zinazoonyeshwa kwenye video zinapendeza kuzitazama, lakini kila inayoongezwa hula muda wa kuzizoea zile mbili, na wakati wa hatari huilazimisha akili kuchagua kabla mikono haijaanza kazi.

Mapambano mengi ya bastola huanza na kuisha kwa sekunde chache, na mara nyingi hakuna anayefika kwenye magazini ya pili. Hata hivyo magazini ya akiba haibebwi kwa ajili ya wingi wa risasi peke yake. Bastola nyingi za kisasa zinapokwama, magazini ni mshukiwa wa kwanza, kwa hiyo ile ya akiba ndiyo dawa ya ile mbovu. Matukio mawili ya Marekani yamewafundisha polisi wa nchi nyingi juu ya suala hili. Huko Newhall, California, usiku wa kuamkia tarehe 6 Aprili 1970, askari wanne wa doria ya barabara kuu waliuawa na majambazi wawili, na mmoja wa askari hao alipigwa risasi akiwa ndiyo kwanza anamaliza kujaza rivolva yake kwa risasi za mojamoja alizozitoa kifukoni. Baadaye jeshi hilo likaanza kuwapa askari wake vijazio vya haraka, vinavyoingiza risasi zote sita kwa mkupuo. Huko Miami, tarehe 11 Aprili 1986, maofisa wanane wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, walipambana na majambazi wawili. Ofisa mmoja aliyejeruhiwa mkononi alishindwa kujaza rivolva yake kwa sababu damu na vipande vya mfupa viliingia kwenye silinda, na mwingine alipigwa mkononi wakati anajaza. Maofisa wawili walikufa siku hiyo. Muda wa kujaza, basi, ni muda ambao huna silaha, na mkono unaojaza uko wazi mbele ya adui. Mbinu yoyote ipimwe kwanza kwa vigezo hivyo viwili.

Hatua ya kwanza: ijue bastola uliyonayo

Makosa mengi ya uchaguzi yanatokana na kuiga mbinu iliyobuniwa kwa bastola ya aina nyingine. Kabla ya kuamua lolote, itoe magazini, ivute slaidi (sehemu ya juu ya bastola inayoteleza nyuma na mbele), hakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba chemba, yaani tundu la mtutu linalokaa risasi iliyo tayari kufyatuliwa, ni tupu, kisha ichunguze bastola yako kwa maswali yafuatayo.

Swali la kwanza ni mahali kilipo kifungulio cha magazini. Katika bastola kama Glock 17, inayobeba risasi 17, au Browning Hi-Power, inayobeba 13, kipo kitufe ubavuni, nyuma ya triga, ambacho kidole gumba cha mkono unaoshika bastola hukifikia. Kwenye Makarov, bastola ya Kisovieti iliyopitishwa mwaka 1951 na ambayo hubeba risasi 8, kifungulio kipo chini kabisa kwenye kisigino cha mpini, na hufunguliwa kwa kusukumwa kuelekea nyuma huku vidole vya mkono wa pili vikiivuta magazini nje. Mwenye Makarov akijaribu kuigiza mtu wa Glock anayeangusha magazini tupu huku mkono wake wa pili tayari umeshika mpya, atashindwa, kwa kuwa mkono wake wa pili una kazi mbili zinazofuatana na hauwezi kuzifanya kwa pamoja.

Swali la pili ni iwapo slaidi husimama nyuma risasi ya mwisho ikitoka, na kama husimama, hufunguliwaje. Walther PPK husimamisha slaidi lakini haina kitufe cha nje cha kuiachia, kwa hiyo mtumiaji hana hiari, ni lazima aivute slaidi nyuma kidogo na kuiachia. Tokareva na Makarov zote zina kitufe hicho upande wa kushoto.

Swali la tatu husahaulika kuliko yote: je, bastola hufyatua ikiwa magazini imetolewa? Browning Hi-Power ilivyotengenezwa kiwandani ina kizuizi kinachoifanya isifyatue bila magazini hata kama ipo risasi kwenye chemba, na bastola kadhaa za Smith & Wesson za chuma zilizokuwa za kipolisi zina kizuizi cha namna hiyo. Glock haina. Ukitoa magazini ya Glock yenye risasi kwenye chemba, bado una risasi moja ya kujiokoa nayo. Ukifanya hivyo kwa Hi-Power, kwa sekunde hizo umeshika chuma tu. Tofauti hii, kama itakavyoonekana mbele, inatosha kubadilisha uamuzi mzima.

Hatua ya pili: izoee mbinu ya dharura kwanza

Mbinu ya dharura ni ile inayotumika bastola ikiwa imekauka kabisa na hatari bado ipo. Magazini tupu huachwa ianguke, na mtu hajali inaangukia wapi. Hii ndiyo mbinu ya kujifunza kabla ya nyingine zote, kwa sababu ndiyo itakayokukuta hukuipanga: watu chini ya hofu hawahesabu risasi zao, na hata askari wazoefu huambiwa na bastola yenyewe kwamba imekwisha. Maelezo haya ni kwa anayetumia mkono wa kulia na bastola yenye kitufe ubavuni.

Dalili ya kwanza ni slaidi kubaki nyuma na triga kulegea. Ukiitambua, ondoa kidole kwenye triga na ukilaze ubavuni mwa bastola, kisha sogea. Kusogea nyuma ya ukuta, injini ya gari au jiwe ni bora kuliko kusogea pembeni, na kusogea pembeni ni bora kuliko kusimama. Wakati miguu inafanya kazi hiyo, lete bastola karibu nawe, kiwiko kikiwa kimegusa mbavu na bastola ikiwa chini kidogo ya usawa wa macho, mdomo wa mtutu ukiendelea kuelekea kwenye hatari, na uipindue kidogo ili tundu la mpini litazame kiunoni kushoto, kilipo kifuko cha magazini. Kuishusha hadi tumboni ni tabia mbaya, kwa kuwa itakulazimu kuinamisha kichwa na kumpoteza adui machoni.

Hapo vitendo viwili hufanyika kwa pamoja: kidole gumba cha kulia hubonyeza kitufe, na mkono wa kushoto huenda kwenye kifuko bila kusubiri kuona kama magazini ya zamani imeanguka. Shika magazini mpya kitako chake kikiwa kwenye kiganja na kidole cha shahada kikiwa kimelala mbele yake hadi kuigusa ncha ya risasi ya juu. Kidole hicho ndicho kitakachouongoza mkono kwenye tundu hata gizani. Kama magazini ya zamani imekataa kuanguka, jambo la kawaida kwenye bastola kuukuu au iliyojaa vumbi, ing'oe kwa vidole vilivyobaki vya mkono huohuo. Gusisha mgongo wa magazini mpya kwenye ukuta wa nyuma wa tundu, inyooshe, kisha isukume kwa kisigino cha kiganja hadi isikike imekaa. Kutupia jicho kwenye tundu kwa kitambo kifupi si dhambi. Walimu wanaolikataza wanasahau kwamba magazini iliyogonga ukingo wa tundu mara mbili hula muda mrefu kuliko mtupo mmoja wa jicho.

Halafu achia slaidi, rudisha mkono wa kushoto kwenye mshiko wake, na utazame upya. Neno upya nimelitumia kwa makusudi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika kifungu cha 18 na vile vinavyokifuata, inampa mtu haki ya kujilinda lakini kwa nguvu inayostahili na iliyo ya lazima tu, na hali iliyohalalisha risasi ya kwanza inaweza kuwa imekwisha katika sekunde mbili tatu ulizotumia kubadilisha magazini. Mshambuliaji akiwa amekimbia, ameanguka au ametupa panga, kujaza kwako kulikuwa halali lakini risasi inayofuata haitakuwa halali. Kwa sababu hiyo, katika mazoezi usijifunge kufyatua kila mara baada ya kubadilisha. Mara nyingine badilisha, tazama, na uishie hapo.

Namna ya kuachia slaidi

Wakufunzi wamebishana sana juu ya kipengele hiki, na ubishi wenyewe una msingi. Njia moja ni kubonyeza kitufe cha slaidi kwa kidole gumba. Ni ya haraka, na mkono wa kushoto haulazimiki kuacha njia yake ya kurudi kwenye mshiko, lakini inahitaji kidole kimoja kukipata kitufe kidogo huku damu ikienda mbio na kiganja kikiwa na jasho. Njia ya pili ni kuifunika slaidi kwa kiganja kutoka juu, nyuma ya tundu la kutolea maganda, kuivuta hadi mwisho na kuiachia ijirudie kwa nguvu ya springi yake. Ni ya polepole kidogo, lakini hutumia mkono mzima, hufanya kazi kwenye karibu kila bastola, na ni kitendo kilekile unachokitumia kuondoa risasi iliyokwama. Hapo ndipo thamani yake ilipo: mwili unazoea kitendo kimoja kwa matatizo mawili.

Kwa hiyo ninamshauri mlinzi ambaye leo anapewa bastola hii na kesho nyingine kutoka kwenye ghala la silaha achague njia ya kiganja. Askari au mmiliki mwenye bastola moja ya kudumu, ambaye gumba lake hukifikia kitufe bila kubadili mshiko, anaweza kuchagua kitufe. Yapo matahadhari mawili. Kwenye bastola ambazo usalama wake (kitufe kinachozuia kufyatua) umewekwa kwenye slaidi yenyewe na huwashwa kwa kushushwa, kama Beretta 92FS, kiganja kinachovuta kutoka juu kinaweza kuushusha usalama bila wewe kujua, na triga isifanye kazi. Wenye bastola hizo wawe na desturi ya kuusukuma juu kwa gumba kila baada ya kuvuta. Tahadhari ya pili inawahusu wanaoshika bastola juu sana: gumba likilalia kitufe cha slaidi wakati wa kufyatua, slaidi haitasimama nyuma risasi zikiisha, nawe utaendelea kuvuta triga isiyo na kitu. Ukigundua hivyo, mbinu ya kiganja itakuokoa, na ile ya kitufe haitakusaidia hata kidogo.

Wapo wanaosukuma magazini kwa nguvu hadi slaidi inajifunga yenyewe. Ikitokea, vema, usiitegemee, kwa kuwa mara nyingine hujifunga bila kuchukua risasi.

Hatua ya tatu: mbinu ya kuhifadhi

Mbinu ya pili ni ya pale ambapo umefyatua risasi kadhaa, hujui zimebaki ngapi, hatari imetulia lakini haijaisha, na wewe upo nyuma ya kinga. Lengo ni kurudisha bastola kwenye ujazo kamili bila kutupa risasi zilizobaki. Kuna namna mbili za kuifanya.

Ya kwanza ni kuchukua magazini mpya kwanza, kuileta kwenye bastola, kutoa ile ya zamani ikashikwa kwa mkono uleule katikati ya vidole, kuingiza mpya, kisha kuweka ya zamani mfukoni. Namna hii ilienezwa na shule ya Jeff Cooper, mwalimu wa bastola aliyeanzisha chuo cha Gunsite huko Arizona mwaka 1976, na faida yake ni kwamba bastola hukaa bila magazini kwa muda mfupi mno. Ya pili ni kutoa magazini ya zamani, kuiweka mfukoni, kisha kuchukua mpya na kuiingiza; bastola hukaa na risasi moja tu ya chemba kwa sekunde kadhaa.

Kwenye karatasi ya kwanza ni bora. Mikononi mwa watu wengi ninaowaona uwanjani si bora hata kidogo. Magazini mbili nene za risasi 17 katika kiganja kimoja kilicholowa jasho ni kazi ya mwenye vidole virefu na mazoezi ya miaka, na anayeangusha moja chini huwa ni yule aliyekuwa na haraka. Ninaishauri namna ya pili kwa kila mtu ambaye bastola yake hufyatua bila magazini, kwa sharti kwamba asiifanye kamwe akiwa wazi. Kwa mwenye Hi-Power yenye kizuizi cha magazini, uamuzi unageuka: ama ajifunze ile ya kwanza kwa kujituma, ama aiangushe magazini yenye risasi chache kama katika dharura na kuiokota baadaye. Hilo la kuangusha na kuokota linafaa watu wengi zaidi ya wanaolikubali.

Zingatia kwamba magazini iliyojaa kabisa huingia kwa ugumu slaidi ikiwa imefungwa, kwa sababu risasi ya juu hukutana na chuma cha slaidi na kuikandamiza springi zaidi. Ndiyo maana magazini nyingi zilizobadilishwa kwa utulivu huanguka miguuni baada ya risasi ya kwanza: hazikukaa. Isukume kwa nguvu, kisha ivute kitako chake kwa vidole kuhakikisha. Wengine hupunguza risasi moja katika kila magazini ya akiba ili iingie bila kugoma, na sioni ubaya wake.

Magazini iliyotolewa iende kwenye mfuko wa suruali au wa koti upande wa kushoto, isirudi kamwe kwenye kifuko cha magazini zilizojaa. Mkono unaokimbilia kifukoni lazima ukute iliyojaa kila mara.

Mwenye Makarov atagundua kwamba kwa bastola yake tofauti kati ya dharura na kuhifadhi ni ndogo, kwa kuwa mkono wa kushoto tayari umeishika magazini ya zamani. Hata hivyo ikiwa ni tupu na hatari ipo, aitupe, kwa sababu kuutafuta mfuko wa suruali unapopigwa risasi ni kupoteza muda.

Wenye rivolva

Rivolva bado zipo mikononi mwa wamiliki wengi wa umri mkubwa, na kwao ushauri ni mfupi. Fungua silinda, elekeza mtutu juu angani na ugonge kitoa maganda (fimbo iliyo mbele ya silinda) mara moja kwa nguvu ili maganda yaanguke kwa uzito wao; ukitoa maganda mtutu ukiwa umelala, ganda moja linaweza kuteleza chini ya nyota ya kitoa maganda na kuifunga bastola yako kabisa. Kisha geuza mtutu chini, ingiza risasi, funga silinda kwa mkono bila kuibamiza kwa mtindo wa sinema, kwani mtindo huo hupinda mhimili wake. Kijazio cha duara ni cha haraka zaidi; ukanda wa mpira unaoshika risasi kwa mstari hukaa bapa mfukoni na huingiza mbili mbili. Anayebeba rivolva ndogo ya risasi tano chini ya shati atafaidika zaidi na ukanda, kwa sababu atakubali kuubeba kila siku. Ukiwa na muda wa kuingiza risasi mbili tu, ingiza mbili, funga, na uhakikishe unajua silinda yako huzunguka kuelekea upande gani, ili risasi hizo zifike kwenye mtutu kwanza.

Mwalo, boti na mawe

Mbinu nyingi za bastola zimeandikwa kwa sakafu ya saruji na uwanja tambarare. Huku kwetu mambo yana sura nyingine. Mlinzi anayeshuka na fedha za dagaa kwenye mwalo wa Kirumba hukanyaga mchanga, magamba na maji. Magazini iliyoangukia humo haifai kurudishwa kwenye bastola hadi ifunguliwe, isafishwe na kukaushwa, kwa kuwa punje chache za mchanga kati ya springi na ukuta wake zinatosha kuikwamisha. Ukiiokota baada ya hatari, iweke mbali na zile zinazotegemewa hadi nyumbani.

Ndani ya boti jambo ni zito zaidi. Magazini yenye risasi iliyodondoka majini haitaokotwa, na askari wa doria majini au mfanyabiashara anayekwenda Ukerewe kwa boti ya injini hana duka la risasi njiani. Hapo mbinu ya kuhifadhi hupata uzito ambao haina nchi kavu, ila kwa bastola iliyokauka na adui akiwa karibu, dharura inabaki kuwa dharura na magazini tupu iende na maji. Piga goti moja au keti kabla ya kubadilisha, kwa sababu chombo kinayumba na mikono yote miwili ina kazi.

Mawe makubwa ya mji wetu ni kinga nzuri sana, lakini yana tabia yake: risasi inayopiga jiwe huteleza na kuambaa kandokando ya uso wake. Usijibanze ukagusa jiwe wakati wa kubadilisha. Simama hatua moja au zaidi nyuma yake. Kwa sababu hiyohiyo, korongo lenye mawe huko nje ya mji si uwanja wa shabaha, hata kama linaonekana la faragha. Fanya mazoezi ya risasi halisi kwenye uwanja ulioruhusiwa wenye kingo za udongo.

Magazini zenyewe

Ziandike namba kwa rangi kwenye kitako. Ile iliyokwamisha bastola mara mbili iwe ya mazoezi tu, usiibebe tena kazini. Kifuko cha ngozi hushika unyevu wa ziwa na jasho la kiuno, na risasi za shaba zilizokaa humo miezi mingi huota ukungu wa kijani unaozifanya zigome kuingia chembani. Toa risasi, zifute, na ubadilishe zilizoathirika. Kifuko kikae upande wa mkono usioshika bastola, risasi zikitazama mbele, na kiwe na mshiko wa kutosha kutoiachia magazini ukikimbia. Kifuniko chenye kitufe kinafaa kwenye boti na bodaboda, lakini kifanyie mazoezi, maana kinaongeza kitendo kimoja. Anayetumia mkono wa kushoto ageuze pande zote hizi, abonyeze kifungulio kwa kidole cha shahada au cha kati badala ya gumba, na achague njia ya kiganja kwenye slaidi bila kusita.

Hatua ya nne: mpango wa mazoezi

Sehemu kubwa ya ujuzi huu hupatikana bila kufyatua. Chagua chumba kimoja, toa risasi halisi zote nje ya chumba hicho na ufunge mlango, hakikisha bastola ni tupu mara mbili, na utumie risasi bandia za plastiki au za rangi isiyofanana na halisi. Tandika godoro chini ili magazini zisipinde midomo zikianguka. Fanya polepole mara nyingi kwanza, kila kitendo kikiwa sahihi, kisha ongeza kasi hadi pale unapoanza kukosea, na urudi nyuma kidogo kutoka hapo. Dakika kumi mara tatu kwa wiki zina manufaa kuliko saa nzima mara moja kwa mwezi. Vaa nguo unazovaa kazini. Wengi hujua kubadilisha magazini wakiwa na fulana, na hushindwa pindi koti la mvua linapofunika kifuko.

Uwanjani, risasi zikiwa ghali, weka mbili katika kila magazini: fyatua mbili, badilisha, fyatua mbili, badilisha tena, fyatua mbili. Risasi 6 zinakupa mabadiliko mawili ya dharura. Mwombe mwenzako akujazie magazini kwa idadi usiyoijua, ili slaidi ndiyo ikuambie zimekwisha. Mara nyingine achanganye risasi bandia moja katikati. Bastola ikigoma huku slaidi imefungwa, gonga kitako cha magazini, vuta slaidi, na uendelee, na ikigoma tena, toa magazini hiyo na uweke nyingine. Kwa mazoezi hayo utajifunza kutofautisha bastola iliyokwama na iliyokwisha, jambo ambalo wengi huligundua kwa kuchelewa.

Mazoezi ya mkono mmoja yafanywe kwa risasi bandia tu, chini ya mkufunzi. Mkono wa kushoto ukiwa umejeruhiwa, angusha magazini, bana bastola katikati ya magoti au irudishe kwenye ala, mtutu ukiwa mbali na mapaja yako, ingiza magazini, kisha kokota slaidi kwa kuegemeza kifaa chake cha nyuma cha kulengea kwenye mkanda, kisigino cha kiatu au ukingo wa meza. Bastola ambayo kifaa hicho ni cha plastiki laini au kimechongwa kwa mteremko haitashika vizuri, kwa hiyo jaribu yako mapema. Ukiona haishiki, tumia kitufe cha slaidi, na hapo hata mfuasi wa njia ya kiganja atapaswa kujua kitufe chake kilipo.

Kabla ya kuondoka nyumbani kila siku, gusa vitu kwa mpangilio uleule: bastola kwenye ala, magazini imekaa kwa kuvutwa kitako, kifuko kimefungwa, magazini ya akiba ina risasi zinazotazama mbele, na mfuko wa kushoto wa suruali ni mtupu ili magazini itakayotolewa ipate pa kuingia.